Posho ya msaada ya HDR: ndani halali tupu, kasoro iko kwenye ganda

HDR ni posho ya siku moja ambayo jeshi la Marekani humpa raia aliyekumbwa na vita au maafa. Askari hali hii. Yeye ana MRE, mlo wake wa mfukoni ulio tayari kuliwa. HDR ilianza kudondoshwa Bosnia mwaka 1993, lakini jina lilivuma Oktoba 2001 huko Afghanistan, pale ndege za mizigo za C-17 zilipomwaga vyakula usiku uleule ambao ndege nyingine zilikuwa zikimwaga mabomu.

Upande wa chakula, waliokipanga walikaa wakafikiri. Mfuko hauzidi kilo moja na una kalori kama 2,200. Mlo wenyewe ni dengu, maharage na wali, njegere, au mchuzi wa shayiri, kisha biskuti, siagi ya karanga, jamu, sukari, chumvi, pilipili, kijiko cha plastiki na viberiti. Nyama hamna, wala mafuta ya mnyama. Maziwa yanaruhusiwa kidogo tu, kwa kuwa matumbo ya wengi hayayawezi. Kileo, hata tone la kukolezea ladha, ni marufuku. Ukishatoa nyama, maswali ya nani kachinja na kachinja vipi yanakwisha papo hapo. Mwislamu, Mhindu na Myahudi wanafungua mfuko mmoja, na mtunza ghala hahitaji kutenga shehena ya nchi hii na ya nchi ile. Kwa MRE si hivyo, kwani baadhi ya aina zake zimewahi kuwa na nguruwe. Ndiyo maana Marekani ilipodondosha Gaza milo 38,000 ya MRE tarehe 2 Machi 2024, ilibidi iwe isiyo na nguruwe.

Mapungufu madogo yapo. Hakuna kipashio cha moto, kwa hiyo dengu huliwa baridi au mlaji atafute kuni mwenyewe. Na siagi ya karanga si chakula ambacho mtu wa milima ya Hindu Kush huko Afghanistan angekiota akiwa na njaa. Yeye kazoea mkate wa ngano.

Ganda ndilo lililoharibu. Mwaka 2001 mfuko ulikuwa wa njano iliyokoza, ili uonekane kwa mbali juu ya mawe na vumbi. Sababu ni nzuri kabisa. Lakini katika jeshi hilohilo njano ndiyo alama ya kilipukaji kikali, na vibomu vya BLU-97 navyo vilikuwa vya njano. Bomu moja la kutawanya, CBU-87, hubeba vibomu hivyo 202, kila kimoja kama kopo la soda, na si vyote hulipuka vinapogusa chini. Kimoja ni kopo, kingine ni mfuko bapa, hilo ni kweli. Ila mtoto aliyeona kitu cha njano nyuma ya kichaka haendi kupima umbo. Maandishi ya mfukoni hayakusaidia, kwani yalikuwa ya lugha za Kizungu. Kilichobaki ni bendera ya Marekani na mchoro wa mtu anakula kwa kijiko.

Jeshi lilianza kwa kutangaza redioni, kwa Kiajemi na Kipashto, kwamba chakula ni kipi na bomu ni lipi. Novemba likasema rangi ya mfuko itabadilishwa. Angalieni kilichobadilishwa: chakula, si bomu. Kihesabu ni rahisi, maana rangi ya silaha imefungwa kwenye kanuni za majeshi mengi, na ya mfuko ni suala la kiwanda cha plastiki. Shida ni kwamba mifuko ya njano iliyokwisha tengenezwa ilikuwa mingi, na ilikuwa bado njiani.

Jeshi hilo halikuwa zito kusikia kila jambo. Septemba 2001 operesheni yenyewe ya vita vya Afghanistan ilibadilishwa jina kutoka “Infinite Justice” kwa kuwa Waislamu wangesema haki isiyo na kikomo ni ya Mungu pekee. Ila ilipoombwa mabomu yasimame Ramadhani ya Novemba, jibu lilikuwa hapana. Jina na rangi vina bei nafuu kuliko mwezi mzima wa vita.

Namna ya kufikisha ndiyo dhaifu kuliko yote. Maboksi makubwa ya karatasi hufunguka angani na mifuko hupeperuka mmoja mmoja bila mwavuli, isimpasue mtu kichwa. Mbinu nzuri, lakini hutawanya chakula ovyo, na Afghanistan ilikuwa imejaa mabomu ya ardhini. Anayeokota ni mwenye miguu yenye nguvu, si mgonjwa wala mjane. Mifuko takribani milioni 2.4 iliyodondoshwa hadi Desemba ni shibe ya siku moja kwa watu milioni 2.4, basi. Madaktari Wasio na Mipaka waliita zoezi lile propaganda, na ni vigumu kuwabishia.

Toleo la kuagiza leo ni la rangi ya samoni, pinki iliyofifia. Katoni ina mifuko 10. Huhimili miaka 3 kwenye joto la nyuzi 27, lakini ukiiacha ndani ya kontena la bati juani muda huo hupungua sana, kwa hiyo soma tarehe ya kutengenezwa kabla ya kupokea mzigo.