Nimenunua TV ya 4K Kariakoo na hasira bado haijaniisha

Jamani kama unawaza kununua TV ya 4K sasa hivi, zile za picha kali sana, ngoja kwanza nikwambie yaliyonikuta. Mimi nilikuwa na inchi 32 yangu ya zamani, nzima kabisa, ila wanangu walinisema mno, mama AFCON ya 2027 tumepewa sisi na Kenya na Uganda halafu tuje kuiangalia kwenye kadude haka. Zamu yangu ya mchezo wetu wa kupeana hela ikafika, nikabeba hela nikaenda Kariakoo.

Dukani wamezipanga ukutani, zote zinaonyesha video ileile ya kasuku na asali inamwagika taratibu kwenye kijiko, unaona hadi unyoya mmoja mmoja shingoni mwa ndege. Nikapenda, sidanganyi. Ila mimi siangalii kasuku, naangalia mpira. Nikamwambia kijana wa pale, mwanangu naomba uniwekee king'amuzi nione mpira unaonekanaje. Hajaniamkia wala nini, anachezea simu yake, ananijibu "mama, kwani na wewe mpira unaujua? Mwambie baba aje achague mwenyewe." Wenzake wakacheka.

Mimi! Niliyekaa na jua la utosini Uwanja wa Uhuru, enzi hizo ndio unaitwa Taifa, huyu hajazaliwa! Halafu ombi langu hakulijibu kabisa, king'amuzi hakikuguswa. Ningetoka palepale, kosa langu sikutoka. Akaanza oh dola imepanda, wiki ijayo bei sio hii, nikalipa, nikarudi na bajaji nimelikumbatia boksi.

Nyumbani nikaweka mechi ya ligi. Mpira ukipigwa mrefu unaacha mkia nyuma, nyasi zote uji wa kijani, namba mgongoni mwa mchezaji husomi mpaka kamera imsogelee, na kwenye ile inchi 32 nilikuwa nazisoma bila shida. Nimetoa hela zote zile nione vibaya kuliko mwanzo!

Fundi wa jirani ndio akanielewesha. 4K ina vidoti vya picha zaidi ya milioni 8, HD kamili, ya ngazi ya chini yake, ina kama milioni 2, na king'amuzi changu cha siku nyingi hata hiyo HD hakitoi, kwahiyo TV inachukua kapicha kadogo inakanyoosha mpaka kajae kioo kizima. Yule kasuku alirekodiwa kwa 4K toka mwanzo na alikuwa anatokea kwenye flashi. Basi, maneno yenyewe ni hayo tu, dakika moja haiishi, kijana kashindwa kuniambia. Nikampigia simu, "mama ukishatoka mlangoni ni ya kwako", akakata.

Kwahiyo nilikuwa nimeshaamua kumwambia kila mtu asinunue, asubiri, vituo vyetu vingi vya TV bado havirushi picha za 4K, na ukitaka 4K ya mtandaoni sinema inaweza kula hadi GB 7 kwa saa moja, bando gani hilo mtu ataliweza?

Ila wiki ile mwanangu mkubwa akaja, akaiunganisha na simu yake, akaweka video ya chini ya bahari kwa 4K yenyewe. Samaki kageuka nikaona mistari kwenye pezi lake, mmoja mmoja. Nilinyamaza. Baadaye tukabadilisha king'amuzi tukachukua cha HD, na mpira ukakaa sawa, sio kama yule kasuku lakini namba nazisoma tena nikiwa nimekaa jikoni mlangoni. Sasa nasemaje? TV yenyewe ni nzuri, siwezi kuisingizia. Kama yako imekufa nunua hata leo. Kama yako ni nzima na king'amuzi ni cha zamani, anza na king'amuzi, hela ya TV kaa nayo, zinazidi kushuka bei kila mwaka zikija mpya. Ila hapana, nikimkumbuka yule kijana hata hiyo nzuri naiona chungu, maana angenijaribishia siku ile ningejua cha kununua kwanza.

Mdogo wangu naye anataka inchi 43. Jumamosi nampeleka Kariakoo mwenyewe, king'amuzi chake tunakitia kwenye mkoba pamoja na kadi yake, na lile duka tunalipita bila hata salamu.