TAHADHARI: Gereji ya "breki zote zimekufa" hapa Dodoma, soma kabla hujatoa hela

Jamani wenye magari ya zamani hapa Dodoma, mwenzenu wiki iliyopita nimenusurika kupigwa laki saba na ushee mchana kweupe. Jina la gereji silitaji kwa sasa, sababu mtaiona huko mwishoni, ila wanavyofanya nasema yote.

Nina Carina TI ya 1998, mbele diski nyuma drum. Tairi ya mbele kushoto ilikuwa inalia nikikanyaga breki, mlio wa chuma kwa chuma, na Jumamosi nilikuwa na safari ya Iringa, sasa mnaoijua njia ile mnajua ukirudi unaishuka Nyang'oro ndo uikute Mtera, sio pa kwenda na breki za kubahatisha. Nikaona kibao kimeandikwa ukaguzi wa breki bure, nikaingia.

Sijamaliza hata soda kijana ananiita, "bosi njoo ujionee mwenyewe". Nakuta tairi zote nne zimeshavuliwa, gari iko juu ya magogo. Ananionyesha silinda ya tairi ya nyuma, kile kipampu kidogo kinachosukuma breki ndani ya drum, imelowa chapachapa, eti inavuja, siku nikikanyaga ghafla pedali inaenda chini mazima. Mkubwa wake akaja akataja bei kwa mdomo tu, kwa mkupuo: pedi, diski mbili, shuu (zile pedi za ndani ya drum), silinda mbili za nyuma, masta silinda (pampu kuu inayosukumwa na pedali), fluidi na ufundi, 780,000, na nitoe elfu themanini ya kuanzia hapo hapo. Akaongeza, "hii gari siwezi kukuachia uondoke nayo, nitakuwa nimekuua". Ndugu zangu hilo neno lina nguvu, nilishaanza kutafuta simu niangalie salio.

Kilichoniokoa ni rangi. Siku mbili kabla nilifungua boneti kuweka maji ya waipa nikaona fluidi ya breki kwenye kikopo chake imekuwa nyeusi kama chai ya rangi iliyolala, maana niseme ukweli sijaibadilisha tangu ninunue gari, na ile kitu inavuta unyevu inatakiwa imwagwe kila baada ya miaka miwili hivi, uzembe wangu huo. Sasa iliyolowesha silinda ilikuwa safiii, inang'aa kama mafuta ya alizeti ya Singida. Ndani chafu, inayovuja safi, imetokea wapi? Halafu kitu kinachovuja siku nyingi kwa vumbi letu hili huwa kinajenga tope gumu pale pale, lakini pale kulikuwa na michirizi mitatu tu imeteremka juu ya vumbi kavu, kama mtu kamimina na kichupa. Na kikopo chenyewe kilikuwa bado juu ya alama ya MIN.

Nikauliza tu, mbona hii nyeupe? Kijana akamwangalia mkubwa wake. Mkubwa akajibu fluidi ikivuja huwa inajichuja. Inajichuja!

Nikasema nifungieni tairi zangu. Wakadai elfu thelathini ya "ufunguzi", ule ule ukaguzi wa bure, nikalipa ili yaishe nikaondoka gia ya pili hadi Majengo kwa mzee mmoja anafanyia kazi chini ya mwarobaini, hana bango wala benchi. Nikamwambia shikamoo mzee, naomba uniangalizie breki, wala sikumwambia nimetokea wapi. Bei hakutaja kwanza. Alivua mbele kushoto akanipa pedi mkononi: ya ndani imebaki kama milimita 2, ya nje bado kama 6. Akasema zikiliwa hivyo ujue kalipa, kile kibano kinachobana pedi kwenye diski, haitembei, akachomoa pini zake, kavu kabisa, akazisafisha akapaka grisi. Diski akaipima na vernia akalinganisha na unene wa mwisho ulioandikwa kwenye diski yenyewe, bado ina maisha. Masta silinda akanipima mimi mwenyewe: washa gari, kanyaga breki shikilia, hesabu mpaka thelathini. Pedali haikushuka hata kidogo, ingekuwa imekufa ingezama taratibu chini ya mguu. Nyuma akafungua drum, shuu zipo, silinda akaifuta na kitambaa, tukasubiri, kavu.

Nikalipa pedi za mbele 45,000, fluidi DOT 3 chupa mbili 16,000, ufundi pamoja na kutoa upepo kwenye mabomba ya breki 25,000. Elfu themanini na sita.

Sisemi kila bei kubwa ni wizi, gari yako ikiwa kweli masta imekufa na silinda zinavuja laki kadhaa zitakutoka tu. Na bei ya chini nayo inaua, kuna jamaa aliniambia anipigie pedi za elfu kumi na mbili upande unaolia tu, huyo naye mkimbie, pedi hubadilishwa kushoto na kulia pamoja la sivyo gari inavuta upande. Ninachosema ni kwamba bei ya jumla jumla usiikubali, akuandikie kila spea na bei yake, ufundi peke yake, usimame pale pale anavyofungua, na spea kuukuu wakupe uondoke nazo. Risiti iwe ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi.

Sasa sababu ya kutotaja jina. Nilivyomsimulia jirani yangu, mama mmoja mwalimu ana Noah, akanyamaza, kumbe mwezi uliopita kalipa 640,000 pale pale, ikiwemo silinda mbili mpya za nyuma. Jana jioni tukaipeleka kwa mzee akafungua drum. Silinda ina kutu ya miaka, mipira imepasuka, nati ya kutolea upepo imegandana na vumbi haijaonja spana. Risiti aliyopewa ni karatasi ya daftari imeandikwa "matengenezo ya breki" na namba, basi. Kesho saa mbili asubuhi anaenda kudai hela yake, mimi namsindikiza, na mzee kakubali kuja na mfuko wake wa spana ili drum ifunguliwe mbele yao. Wakigoma tunanyoosha polisi, na jina nitakuja kuliweka hapa.