Kongamano la Pasaka la wanafunzi: Wakorintho na maharage mabichi
Kongamano la Pasaka la wanafunzi wa sekondari, nililohudhuria kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumapili katika shule moja ya bweni, lilistahili nauli niliyolipa, ingawa maharage ya Jumamosi hayakuwa yameiva. Somo bora lilikuwa 1 Wakorintho 15, kwa kuwa mwalimu hakuishia kwenye kaburi tupu, bali alitufikisha mstari wa 58, ambako Paulo, baada ya hoja ndefu ya ufufuo, anageukia kazi. Kisha mwalimu akauliza ni nani kati yetu angekataa kijikaratasi cha majibu ya mtihani kikipitishwa chini ya dawati. Ukumbi ulinyamaza. Kwaya zilikuwa nyingi mno, na maswali yetu yalibaki kisandukuni bila kusomwa.