Nilivyomnunulia mume wangu Omega ya mtumba Deira

Nauza vitambaa Tanga, na mara mbili kwa mwaka nakwenda Dubai kufunga mzigo. Safari ya Februari 2024 nilikuwa na shughuli ya pili ambayo nyumbani sikumwambia mtu: kumtafutia mume wangu saa. Mwezi wa tatu tulikuwa tunatimiza miaka 20 ya ndoa, na miaka yote hiyo nimemwona na Seiko 5 aliyoachiwa na marehemu baba yake. Anaipenda, lakini inabaki nyuma, na kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini anairudisha kwenye majira.

Yeye ni nahodha wa tagi, zile boti fupi zenye mashine kubwa zinazovuta na kusukuma meli mpaka gatini. Miaka mingi iliyopita alirudi kazini akanisimulia saa aliyoiona mkononi mwa rubani mmoja wa meli: uso wa buluu wenye mawimbi yaliyochongwa, na kitufe kidogo cha ajabu pembeni, mahali pa namba 10 ya saa. Aliisimulia wiki nzima. Mimi nikaiweka moyoni.

Nilipoanza kuuliza nikalijua jina. Ni Omega Seamaster Professional, namba ya aina yake 2531.80. Ilianza kuuzwa mwaka 1993, na mwaka 2006 aina nyingine ikachukua nafasi yake. Watu wengi wanaiita saa ya James Bond, yule jasusi wa sinema, kwa sababu Pierce Brosnan aliivaa alipoigiza miaka ya 1990. Kwa hiyo suala la mpya au mtumba halikuwepo kwangu. Dukani mpya hazipo tena, na Seamaster za siku hizi, zinazofanana nayo kwa mbali, zinapita dola 5,000. Aliyoiona yeye utaipata kwa mtu aliyeivaa kabla yako, basi.

Kabla ya kusafiri nilifanya jambo moja ambalo namshauri kila mtu alifanye: nilimpima mkono. Nilimwambia nataka kumshonea kanzu yenye mkono wa kubana kidogo, nikazungusha tepu kwenye kifundo. Sentimita 19 na nusu. Saa ya mtumba yenye mkanda wa chuma ilishapunguzwa kwa kipimo cha mwenyewe wa kwanza, na zile pingili zilizotolewa mara nyingi zimeshapotea. Ukinunua bila kujua kipimo unaweza kufika nyumbani na saa nzuri isiyofunga. Pingili za Omega zenyewe hazipatikani kwa bei ya kirahisi.

Deira, mtaa wa zamani wa Dubai, naijua. Navuka na abra, boti ndogo ya kuvusha watu, kutoka Bur Dubai kwa dirham moja, napita kwenye vitambaa vyangu kwanza, ndipo naingia upande wa Soko la Dhahabu. Pale kila hatua kumi kijana anakunong'oneza kuhusu saa za kopi. Hao usiwajibu hata salamu, maana ukisimama tu umekwisha. Mimi nilikuwa na majina ya maduka matatu niliyopewa na shoga yangu anayefanya kazi Dubai, yote yenye leseni ukutani na fundi wake mwenyewe.

Duka la kwanza walikuwa nayo. Dirham 7,800, pamoja na boksi na kadi yake. Bei ilikuwa tamu mno, na saa iling'aa kuliko kawaida. Hapo ndipo biashara yangu ilinisaidia. Mtu akikuletea kitambaa, huangalii mbele tu. Unakigeuza, unatazama upindo, unavuta uzi mmoja. Nguo iliyochakaa ikapigwa pasi vizuri utaigundua kwenye kona. Nikaigeuza saa. Yale masikio yanayoshika mkanda yanatakiwa yawe na kingo zinazoonekana, mpaka ulionyooka kati ya sehemu ya kung'aa na sehemu iliyokwaruzwa kwa makusudi kiwandani. Hapa kingo zilikuwa zimelainika kama sabuni iliyotumika. Saa ilipigwa msasa na kung'arishwa mara nyingi, na chuma kilichoondoka hakirudi.

Nikaomba lenzi nisome namba yake, ambayo kwenye aina hii imeandikwa kwa herufi ndogo sana nyuma ya sikio moja. Nikailinganisha na kadi. Tarakimu mbili za mwisho hazikufanana. Nilipomwonyesha muuzaji alisema kadi zilichanganyika, hiyo yake ipo nyumbani, ataileta kesho. Nikamwomba basi afungue mfuniko wa nyuma niione mashine. Akakataa, eti ikifunguliwa maji yataingia. Nilimshukuru nikatoka. Nilihuzunika kweli, kwa sababu nilishaanza kuiona mkononi mwa Baba Halima.

Duka la pili hawakuwa nayo. La tatu ndilo lililoniuzia, na sehemu kubwa ya maoni yangu ni juu yao.

Alinipokea kijana wa Kiomani ambaye bibi yake alizaliwa Unguja, Kiswahili chake kizuri cha kizamani. Nikamwambia ninachotaka. Alitoa moja iliyokuwa na michubuko ya kweli ya mtu aliyeivaa: pete ya nje ya alumini, ile inayozungushwa kupimia dakika, imefifia buluu yake kidogo kwenye ukingo, kifungio kina mikwaruzo, kioo safi. Kingo za masikio zipo. Boksi lipo, kadi hakuna, na alinieleza hivyo kabla sijauliza. Alitaka 10,200.

“Naomba uifungue,” nikamwambia.

“Ngoja nimwite fundi, mama. Uone mwenyewe.”

Fundi ni mzee wa Kerala, India, mpole, ana lenzi yake kwenye jicho la kulia muda wote. Alinikalisha upande wa pili wa meza yake. Mfuniko wa nyuma una farasi wa baharini aliyechongwa, alama ya Seamaster. Aliuzungusha kwa kifaa chake taratibu, akaniwekea lenzi nitazame. Nilikuwa sijawahi kuona ndani ya saa. Kuna kigurudumu kinachokwenda huku na huku haraka mno, hata huwezi kukihesabu, na kizungushi kipana kinachojaza nguvu kila mkono unapocheza. Alinionyesha jina la Omega na namba 1120, ndiyo mashine inayotakiwa kuwa mle. Akanieleza kuwa asili yake ni mashine ya ETA ya Uswisi ambayo Omega waliiboresha, na kwamba mafundi wengi duniani wanaifahamu. Hilo lilinifurahisha kuliko jina, maana saa itaishi Tanga, na siku moja itahitaji mtu wa kuifungua.

Kisha akaiweka juu ya kimashine kinachosikiliza mapigo. Saa hii inapiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara nane kila sekunde, na kimashine kinakuandikia inawahi au inachelewa kiasi gani. Ilikuwa inachelewa sekunde saba kwa siku. Lakini fundi hakuhangaika na hizo saba. Aliniwekea kidole kwenye namba nyingine, upana wa bembeo la kile kigurudumu: nyuzi 238. Saa yenye afya ikijazwa vizuri na kulazwa inakwenda kama 270 mpaka 310. Mafuta yamekauka, akasema. Itatembea mwaka, pengine miwili, ila itakuwa inajisaga yenyewe.

Muuzaji alikuwa amesimama pale pale na hakumkatiza. Nafikiri hapo ndipo nilipoamua.

Tulipatana hivi: dirham 9,300, ndani yake matengenezo kamili, mipira mipya ya kuzuia maji, kipimo cha shinikizo, na pingili mbili kwa sababu mkanda uliishia sentimita 18. Kwa hesabu ya siku ile ni karibu shilingi milioni sita na nusu. Nilitanguliza 1,000 na nikataka iandikwe kuwa isipopita kipimo cha maji narudishiwa zote. Risiti ya kwanza waliandika “saa ya mkononi” tu. Nikawarudishia. Waliandika upya: jina, aina 2531.80, namba ya saa, matengenezo yaliyoahidiwa, dhamana ya mwaka mmoja. Usikubali risiti ya mkato. Siku ukitaka kudai, au kuiuza, au kuieleza forodhani, ile karatasi ndiyo itakayokusemea.

Namba hiyo hiyo niliituma kwa The Watch Register, rejista ya saa zilizoibwa na zilizopotea, ipo London. Unalipa ada ndogo wanakutafutia. Haikuwemo. Wako watakaosema nimejisumbua bure. Mimi nisingeweza kumvisha mume wangu machozi ya mtu mwingine.

Sasa malalamiko yangu. Waliniahidi Alhamisi. Alhamisi nikaambiwa Ijumaa jioni, Ijumaa nikaambiwa Jumamosi, na ndege yangu ilikuwa Jumapili asubuhi. Simu zangu mbili hazikupokelewa. Jumamosi nilikwenda kukaa pale dukani tangu alasiri mpaka ilipotoka baada ya Isha. Kumbe ilifeli kipimo cha kwanza cha maji, kile kitufe cha pembeni kilikuwa kinapitisha, fundi akakibadilisha na kupima tena. Sababu ni nzuri, na afadhali ilifeli mezani kwake kuliko kwenye mawimbi. Lakini mteja anayesafiri unampigia simu unamweleza. Siku tatu nilizipoteza kwa wasiwasi, na mzigo wangu wa vitambaa ukafungwa na mtu mwingine. Jambo la pili, zile pingili mbili zinang'aa kuliko wenzake. Ukiitazama karibu unaziona.

Fundi aliirudisha kwenye kimashine mbele yangu kabla sijamalizia pesa. Sasa inawahi sekunde tatu kwa siku, bembeo 288. Kipimo ambacho Waswisi wanatumia kuipa saa cheti cha usahihi kinaruhusu kuanzia kuchelewa sekunde nne mpaka kuwahi sita, kwa hiyo imeingia vizuri ndani. Alinipa onyo moja ambalo nalipitisha kwenu: tarehe usiibadilishe kwa kile kirungu cha kuwekea majira kati ya saa tatu usiku na saa nane usiku, maana muda huo meno ya tarehe yameshakamatana na unaweza kuyavunja. Ukitaka kuibadilisha, sogeza kwanza akrabu mpaka saa kumi na mbili.

Dar niliitangaza forodhani na risiti yangu mkononi, nikalipa. Wako walionishauri niivae tu nipite nayo. Nisingeweza kumpa zawadi niliyoipitisha kwa kujificha, halafu yeye aende nayo bandarini, ambako kila siku anafanya kazi na watu wa forodha.

Siku yenyewe nilimpa baada ya chai ya asubuhi, watoto wamekwenda shule. Alifungua boksi akanyamaza. Akaigeuza kwanza nyuma, akampitisha kidole yule farasi wa baharini, ndipo akageuza mbele kutazama mawimbi.

“Mama Halima, umeikopa?”

“Sijakopa. Ni ya faida ya vitenge vya mwaka jana.”

Akaivaa. Ilifunga sawasawa, na hapo akakumbuka ile kanzu ambayo hakuwahi kuiona. Kile kitufe cha pembeni, mahali pa namba 10, ambacho kilimshangaza miaka yote, yeye mwenyewe alishakisoma habari zake: ni cha wapiga mbizi wanaokaa siku nyingi ndani ya chumba cha shinikizo wakipumua hewa yenye heliamu. Gesi hiyo inapenya hadi ndani ya saa, na wakipandishwa juu bila kuitoa inaweza kurusha kioo. Hatakihitaji maisha yake yote. Alikifungua na kukifunga mara tatu, taratibu, kama mtoto.

Ukiniuliza kama ningerudi duka lile, ningerudi, ila nisingepanga siku ya kuchukua ikaribiane na siku ya ndege. Ningeacha wiki mbili kwa kazi waliyosema ni ya siku tano. Ningeuliza pia kuhusu rangi inayong'aa gizani, jambo nililolisahau kabisa. Bahati yangu hii ni ya miaka ya baadaye na usiku inasomeka. Za miaka ya mwanzo zilipakwa tritiamu, na hiyo kwa sasa imeshazimika, hazing'ai tena. Kwa mtu anayefanya kazi usiku baharini hilo ni swali la kuuliza kabla ya bei.

Seiko ya baba yake bado ipo, anaivaa nyumbani. Kazini anakwenda na Omega. Wiki ya pili aliniandikia ujumbe alfajiri, picha imepigwa kwenye usukani wa tagi: pete ya buluu imezungushwa, alama yake imesimama pale akrabu ndefu ilipokuwa kamba ya meli ilipofungwa. Chini yake ameandika, “Dakika 42 mpaka gatini.”