Euro Truck Simulator 2 kwa benga na sukuti: uzoefu wangu

Kama una Euro Truck Simulator 2 kwenye kompyuta na bado unaendesha lori ukisikiliza redio zilizokuja nayo, hujaionja gemu hii sawasawa. Mimi niko Nakuru. Hapa matrela ya Mombasa yanapita usiku na mchana yakielekea Malaba na Busia, na ukifika Salgaa, madereva wanapopumzika, kila kabini ina nyimbo zake. Nilitaka kabini yangu iwe hivyo pia.

SCS Software ya Ucheki ilitoa gemu hii mwaka 2012. Ukiwa barabarani unapewa redio ya intaneti, na stesheni karibu zote ni za Ulaya. Kuweka muziki wako ni kazi ndogo sana: ingia Documents, fungua folda ya Euro Truck Simulator 2, na humo utakuta folda iitwayo music. Tia nyimbo zako za MP3 au OGG. Ukirudi kwenye lori, bonyeza R, chagua nyimbo zako badala ya redio. Muziki wa menyu haubadiliki kwa njia hii, lakini unaweza kuuzima kwenye mipangilio ya sauti.

Nilianza na benga ndefu za upande wa Kisumu, zile za enzi za kaseti, na hapo ndipo gemu ilipobadilika kabisa. Benga haina haraka. Waimbaji wanasimulia kwanza, wanataja watu, wanasifu. Kisha sauti zinanyamaza na gita linashika usukani, besi ikilifukuza nyuma. Sasa, ramani ya gemu hii imepunguzwa kwa kipimo cha 1 kwa 19, na saa ya lori inakwenda kasi hiyo hiyo ukiwa barabara kuu. Wimbo wa dakika 6 ni karibu saa 2 za safari. Unauanza ukitoka Calais, waimbaji wanakusindikiza Ubelgiji, na gita linapopanda juu kabisa uko karibu na Brussels. Hakuna muziki nilioujaribu unaoingiana na safari ndefu namna hii.

Sukuti nimeiwekea milima ya Uswisi. Ni ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na kuisikia ikinguruma lori likipanda mlima na mzigo mzito kunanipa fahari ya kweli. Barabara ikiwa tambarare, iruke. Inavuta mguu kwenye mafuta, na gemu hii inatoza faini ya mwendo kasi.

Kazi kubwa ni sauti kutolingana. Rekodi za kaseti ziko chini, injini inazimeza. Wimbo wa juzi ukifuata unakupasua masikio. Nilizisawazisha zote kwa Audacity, programu ya bure, kabla ya kuzitia kwenye folda. Fanya hivyo mapema.

Ukipenda redio ya nyumbani, fungua kwa Notepad faili ya orodha ya stesheni, live_streams.sii, iliyo kwenye folda ya Euro Truck Simulator 2, ongeza anwani ya stesheni kwa mtindo wa mistari iliyomo, kisha rekebisha idadi iliyoandikwa juu ya orodha. Stesheni ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti 58 kwa saa. Kwa anayenunua data ya siku, folda ni nafuu.

Grand Theft Auto V ya kompyuta nayo ina Self Radio, inayoweza kuchanganya nyimbo zako na mtangazaji, habari na matangazo ya biashara ya gemu. Imetengenezwa vizuri, na mjini inafaa. Lakini benga haikatizwi gita likiwa ndiyo kwanza linapanda, kwa hiyo kwangu lori linabaki mbele.