Jeli ya kuzibia maji kisimani: miezi mitano baadae

Visima vyetu vya mafuta viko kaskazini mwa Oman, kwenye mawe ya chokaa yenye nyufa nyingi, na hizo nyufa ndo mateso yetu yaani, maji yanapita humo mbio mpaka kisimani na mafuta yanabaki yamekaa ndani ya jiwe. Hichi kisima kilifika pahala kikitoa mapipa kumi, tisa maji! Na maji ya chumvi vile huyamwagi tu jangwani, kule Nimr, kwenye visima vya mafuta vya kusini mwa Oman, wamelazimika kulima mabwawa ya matete kuyasafisha, mita za ujazo zaidi ya 100,000 kwa siku.

Hawa jamaa niliowaita wakizibe kwa jeli nawasifu kwa kitu kimoja, hawakukimbilia pampu. Kwanza wakashusha vipimo kujua maji yanaingilia wapi, halafu ndo wakachanganya na maji poliakrilamaidi (unga wa polima unaoyafanya maji kuwa mazito) na asetati ya kromiamu, chumvi inayoishikanisha ile polima iwe jeli (ile kromiamu ya tatu, sio ya sita yenye sumu kali). Inaingia nyepesi kama uji, inafata nyufa, joto la huko ndani ya ardhi ndo linaigandisha. Walikuwa na sampuli kwenye chupa, zimekaa ndani ya oveni kwa joto lile lile la kisima, nikapindua moja kwa mkono wangu, jeli ikaning'inia shingoni kama ulimi, haimwagiki. Hapo moyo ukatulia.

Lakini siku ya kuchanganya walinikera sana. Unga wa polima wameumwaga kwa pupa, ukafanya mabonge, chujio likaziba, nusu siku imepotea. Unga ule unataka kunyunyizwa kidogo kidogo kwenye maji yanayozunguka na wao wanalijua hilo, kazi yao! Basi wakamwaga tenki zima wakaanza upya, na kwenye kupampu mmoja hakutoa jicho kwenye geji, maana presha ikizidi unapasua jiwe unajitengenezea ufa mwengine.

Tulikifunga siku kadhaa jeli iive. Sasa hivi mwezi wa tano, katika kumi maji ni kama saba, mafuta yameongezeka, na bei yao kubwa kweli ila kwangu imeshajilipa.

Nikawaita kwa kisima cha pili, huko maji yanapanda kutoka chini moja kwa moja, hamna ufa. Wakaangalia vipimo wakanambia kaka, hapa jeli haitakusaidia, maji yatazunguka tu, weka pesa yako. Wakaondoka bila kuchukua hata baisa. Hao nitawaita tena.