Uzoefu wangu na singo ya harusi: kopo la mtandaoni na ile niliyoletewa kutoka Wete

Mie mzaliwa wa Chake Chake, Pemba, ila nipo Dar mwaka wa 9 sasa, kwahiyo mdogo wangu alipopata mchumba na harusi ikapangwa kufanyika hukuhuku, kazi ya kutafuta singo na udi ikaniangukia mimi. Naandika hapa mana nilipokuwa natafuta sikupata mtu hata mmoja aliyeeleza vizuri, wote wanaandika "inanukia sana shoga" basi, na hela inakuwa ishatoka.

Kwa ambao hamkukulia pwani, singo ni unga wa maua na viungo wa kusugulia mwili, kuna karafuu, mrehani, mawaridi, asmini, langilangi (ua la manjano la mti) na liwa (unga wa mti wa harufu), unauchanganya na marashi, yaani maji ya waridi, mpaka uwe kama uji mzito, halafu bi harusi anasingwa na somo wake, yule mwanamke anayemfunda, siku kadhaa kabla ya kuolewa. Ngozi inatakata na harufu inaingia mwilini, sio ya kujipulizia dakika tano ikapotea. Kila somo ana mchanganyiko wake na hapo ndipo tofauti ilipo.

Mara ya kwanza nilinunua kwenye ukurasa mmoja wa Instagram, sitoutaja. Picha nzuri mno, kopo la gramu 250 shilingi 45,000, bodaboda akaleta siku hiyohiyo, na hapo kwenye delivari sina neno nao. Tatizo lilianza nilipofungua kopo. Harufu ilikuwa kali ya kukaba koo, kama ile dawa ya kupuliza chooni, na rangi nyekundu ya machungwa ambayo mie sijaiona kwenye singo tangu nazaliwa. Singo ni kahawia jamani, kwa sababu ya karafuu na liwa na maua yaliyokauka, waridi likikauka halibaki jekundu hivyo.

Mama alitufundisha kuijaribu, na hii naomba muishike. Chukua unga kidogo weka kiganjani, tia maji matupu ya uvuguvugu, USITIE marashi, mana marashi yataficha kila kitu. Sugua kwa kidole halafu subiri. Singo ya kweli inatoa karafuu kwanza, kali, baadae karafuu inashuka maua yanapanda, na ukinawa mkono, baada ya saa nzima unasikia liwa imebaki kwenye ngozi, nzito na tamu kama maziwa. Ile ya kwenye kopo ilitoa harufu moja tu toka mwanzo, kisha ikageuka kama sabuni, na kiganja kikabaki na rangi mpaka jioni.

Nilipaswa kuacha palepale ila mdogo wangu akasema tujaribu kidogo tu, tukampaka ndani ya kiwiko, haikufika nusu saa pakawa pekundu pamevimba vipele vidogovidogo. Tukaosha tukapaka mafuta ya nazi, siku ya pili yake kukatulia. Namshukuru Mungu hatukumpaka usoni. Nikamwandikia muuzaji na picha nikamtumia, akanijibu wateja wake wote wanafurahia, nilipouliza kilichomo ndani akaniblock.

Na hapa niseme kitu kuhusu karafuu yenyewe, mana hata ya kweli si ya kuchezea. Mafuta yake sehemu kubwa kabisa ni eujenoli, ile ile wanayotumia madaktari wa meno, ndio mana ukiingia kliniki ya meno unasikia kama upo Pemba wakati wa mavuno. Inatia ganzi na inaua vijidudu, ila ikizidi inaunguza ngozi. Kwahiyo anayekutilia mafuta ya karafuu kwenye singo ili inukie haraka anakuumiza. Karafuu ya singo ni ya kutwanga, na ni karafuu, sio makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, yale makonyo ni ya kukeneka mafuta, yaani kuyatoa kwa mvuke, kama wanavyofanya kwenye kiwanda cha kwetu Chake.

Basi nikampigia shangazi yangu, akanipa namba ya bibi mmoja wa Wete ambae ni somo kwa miaka mingi. Bibi hana ukurasa wala picha, anatuma sauti tu WhatsApp. Nikamwambia "Shikamoo bibi, nataka singo nusu kilo." Hakunitajia bei. Akaniuliza harusi lini, bi harusi ngozi yake kavu au ya mafuta, ana chunusi, kuna kitu kinamdhuru? Nikamweleza habari ya vipele akasema, "Basi huyu mwanangu karafuu ntampunguzia, liwa ntamzidishia." Yani pale tu nilishajua nimefika.

Akasema nisubiri wiki mbili. Niliona mbali, lakini nilipouliza sababu alinieleza na ndio mana nasema hela yake ni halali. Asmini inachumwa jioni ikiwa bado haijafunguka, mana inafunguka usiku na ndio harufu inapotoka, ukiichuma asubuhi unaokota ua lililokwisha kazi. Langilangi kinyume chake, inachumwa alfajiri, na lazima liwe limeshaiva la manjano, lile la kijani halina kitu. Maua yanatwangwa yangali mabichi pamoja na karafuu na liwa ili unga unywe harufu, halafu unaanikwa kivulini sio juani, kisha anarudia tena kwa maua mengine. Alirudia mara tatu. Asmini iliyokaushwa peke yake haibaki na harufu ya maana, hilo hata mie nalijua, kama umewahi kuacha kikuba, kile kishada cha maua cha kujipamba, kwenye mto mpaka siku ya tatu utanielewa.

Mzigo ulikuja kwa boti mpaka Unguja na kutoka Unguja mpaka Dar, umefungwa kwenye kitambaa cheupe halafu nailoni mbili. 60,000 nusu kilo, na 5,000 ya usafiri. Ukipiga hesabu ni rahisi kuliko lile kopo.

Nilipofungua kitambaa mama alikuwa kakaa ukumbini na akanyanyua kichwa kabla sijasema kitu. Kahawia, unga mzito kidogo, ukiangalia karibu unaona vipande vya jani la mrehani. Nikafanya jaribio la maji, karafuu, kisha langilangi, tena langilangi imekaa vizuri haichomi kichwa, kisha liwa. Mdogo wangu anauza kwenye duka la vipodozi na manukato, akanusa kiganja akasema dada hii harufu naijua, mbona kama ndani ya Chanel No. 5. Na kweli bwana, manukato yale tangu yatengenezwe 1921 yana asmini na langilangi ndani yake, na langilangi hiyo hiyo majirani zetu wa Komoro wanaikeneka na kuuza Ulaya miaka nenda rudi. Mie niliona fahari sana, sisi maua haya tunatupia kitandani kwa bi harusi na kuchomeka kwenye nywele.

Marashi ya kuchanganyia tulitumia ya Oman, binamu yangu yupo Muscat akaleta chupa mbili za kutoka milima ya Jabal Akhdar. Yale ya kienyeji yana harufu ya moshi kidogo mana wanayakeneka kwenye majiko ya udongo, wengine hawapendi, mie naona yanakaa vizuri sana na karafuu. Bibi alikataza kabisa yale manukato ya spiriti, anasema yanakausha ngozi na kuua maua.

Tulimsinga siku tatu mfululizo. Unampaka, unaacha ikaukiekaukie, halafu unasugua kwa viganja kuelekea chini, inapukutika kwenye mkeka pamoja na uchafu wa ngozi, unaona kabisa mgongo unabadilika rangi. Vipele hakuna. Siku ya harusi alivaa kikuba cha asmini na mrehani lakini watu waliomkumbatia walikuwa wanauliza kajipaka nini, mana harufu ilikuwa inatoka shingoni, haikutoka kwenye ua.

Kasoro zipo nazisema. Unga una chembe, nilikutana na vijiti viwili vitatu vya kukwaruza, ikabidi nichekeche tena kwa chekecheo la chai kabla ya kupaka usoni. Pili hakuna lebo, hakuna tarehe, hakuna maelezo, asiyejua ataharibu. Tatu joto na unyevu wa Dar, kiasi nilichokiacha ndani ya nailoni kiliota ukungu baada ya wiki mbili nikatupa, kilichokuwa kwenye kopo la kioo kikavu kabisa kipo mpaka leo. Na akikwambia wiki mbili ujue inaweza kuwa tatu, mvua ikinyesha maua hayakauki.

Udi wake nao nilichukua, udi wa kupika, shilingi 20,000 kikopo kidogo. Udi halisi wa mti wenyewe bei yake haishikiki, mana utomvu ule unapatikana mti ukishaugua kuvu ndani, na miti yenyewe biashara yake inadhibitiwa kimataifa, kwahiyo wengi wetu tunatumia wa kupika kwa sukari na marashi na vipande vya mti. Wa bibi ni mzuri, hauna ule utamu wa kupitiliza wa sukari iliyoungua. Ila tafadhali mchomee mkaa wa kawaida, ule mkaa wa duara unaowashwa na kiberiti unanuka baruti na unaharibu udi wote. Acha kaa lifunike jivu kwanza ndio uweke kipande kwenye chetezo, kikitoa moshi mweupe mwembamba umepatia, ukiwa mweusi moto umezidi.

Nyota: la mtandaoni 1 kati ya 5, na hiyo 1 ya bodaboda. La bibi 4 na nusu, nusu nimeitoa kwa zile chembe.

Namba ya bibi siwezi kuiweka hapa mpaka aniruhusu, nimemuuliza, anasema anawatengenezea watu wachache wachache mana mikono yake haiwezi nyingi. Mie nimeshaweka oda nyingine kwa binti wa jirani anaeolewa Mfungo Sita (mwezi wa Maulidi), na bibi kashanitumia sauti leo asubuhi, anasema asmini zake zimeanza kuchanua vizuri baada ya mvua ila nisimharakishe.